Siku Moja ya Homa: Tunajuaje Kama Pesa za Kaya Maskini Zinasaidia?

Kuna swali moja kwenye dodoso ambalo kila aliyewahi kufanya kazi ya udodosaji vijijini analijua kwa kichwa. Unataja jina la mwanakaya mmoja, halafu unauliza: katika wiki nne zilizopita aliumwa? Kama aliumwa, siku ngapi?

Mimi nilianza kuuliza swali hilo nikiwa nimemaliza shahada ya kwanza, sina ajira, na mkataba wa wiki sita wa kudodosa ulikuwa umenijia kama mvua ya kiangazi. Siku ya nne, nyumba ya kumi na kitu, nilikaa na bibi mmoja chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, tukaanza. Nikamuuliza kuhusu mjukuu wake wa miaka mitatu. "Huyu? Huyu anaumwaumwa tu, baba." Siku ngapi, bibi? "Aah, nyingi." Nikamwambia nahitaji namba. Akaniangalia kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani wewe ungependa ngapi?"

Niliandika tano. Sikuitoa hewani kabisa. Nyumba ya nyuma walisema nne, ile nyingine sita, nikaona tano haitamshtua mtu. Kishikwambi kikaipokea, kikanifungulia swali linalofuata.

Sasa, miaka kadhaa baadaye nikiwa nasoma shahada ya uzamili, nikakutana na ripoti ambayo ndiyo nataka tuichambue leo. Ni ya Benki ya Dunia, ilitoka mwaka 2014, waandishi ni David Evans, Stephanie Hausladen, Katrina Kosec na Natasha Reese. Inahusu majaribio ya mwanzo ya TASAF ya kuzipa kaya maskini fedha taslimu kwa masharti ya afya na elimu, katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Ndani yake kuna matokeo ambayo yamenukuliwa sana tangu hapo: katika ile nusu ya kaya zilizo maskini zaidi, siku za kuumwa zilipungua kwa wastani wa nusu siku kwa mwezi. Kwa watoto wa miaka 0 hadi 4, zilipungua siku nzima.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikamkumbuka bibi wa mwembeni.

Naomba usifunge ukurasa ukidhani nakuja kuiponda ripoti. Naiona kuwa moja ya tathmini bora zilizofanyika nchini kwetu, na kwa jinsi mjadala wa TASAF unavyoendeshwa vijiweni na mitandaoni (upande mmoja "zinawafanya watu wavivu", upande mwingine picha za kina mama na mbuzi wao), ni afadhali watu wengi zaidi wangeisoma. Ila ukikisifia kitu bila kukishika na kukigeuza, hujakitendea haki. Basi tukigeuze.

Kwanza programu yenyewe. Kaya iliyochaguliwa ililipwa kila baada ya miezi miwili kiasi cha kati ya dola 12 na 36, kulingana na idadi ya watoto na wazee waliomo. Watoto wadogo walipaswa kupelekwa kliniki, wa umri wa miaka 7 hadi 15 waandikishwe shule na wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wazee wa kuanzia miaka 60 wakapimwe afya angalau mara moja kwa mwaka. Fikra yenyewe ilitoka Amerika ya Kusini na Meksiko, ambako programu iliyoitwa Progresa ilianza mwaka 1997. Ila kule serikali kuu ndiyo iliyoshika usukani. Huku kwetu jamii yenyewe ndiyo iliyowatambua wahitaji, na kamati ya wanakijiji ndiyo iliyogawa malipo. Hilo ndilo lilikuwa swali kuu la utafiti: je, mambo haya yanawezekana pale ambapo kazi inafanywa na watu wa kijiji?

Hebu jiulize ungelijibuje swali hilo bila utaalamu wowote. Wengi wetu tungechukua walengwa, tukawapima kabla, tukawapima baada, tukatoa. Takwimu za awali zilikusanywa mwaka 2009, malipo yakaanza 2010, takwimu za mwisho zikachukuliwa 2012. Watoto walikuwa wanaumwa sana, sasa wanaumwa kidogo, makofi. Lakini kumbuka katika miaka hiyohiyo nchi nzima ilikuwa inagawa vyandarua: kampeni ya watoto chini ya miaka mitano ya 2009 na 2010, kisha ile ya kila kaya iliyofuata. Malaria ingepungua hata kama TASAF isingetoa senti. Mtindo wa kabla-na-baada ungezipa pesa sifa ya chandarua, na wala tusingejua.

Njia ya pili ambayo wengi huikimbilia ni kulinganisha wanaopokea na majirani zao wasiopokea. Hii nayo ni mbovu, safari hii kwa upande wa pili. Wanaopokea wamechaguliwa kwa sababu ndio wenye hali ngumu zaidi pale kijijini. Ukiwalinganisha na mwenye duka utakuta wanaumwa zaidi, watoto wao hawamalizi shule, halafu mtu atasimama bungeni aseme programu inaleta magonjwa.

Kilichofanyika ni bahati nasibu. Vijiji vilivyostahili vilikuwa 80, fedha hazikutosha vyote, kwa hiyo 40 vikachaguliwa kwa nasibu kuanza na 40 vikabaki kuwa vya kulinganishia. Hapa kuna kitu kidogo ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote katika utafiti huu, na wanafunzi wengi hukiruka: zoezi la kutambua kaya zenye uhitaji lilifanyika katika vijiji vyote 80, hata vile ambavyo havikupata kitu. Kwa hiyo maskini wa Bagamoyo aliyepokea analinganishwa na maskini aliyeteuliwa kwa utaratibu uleule katika kijiji ambacho hakikupata. Chandarua wote wamepata, mvua imewanyeshea wote, ukame wa Chamwino umewakausha wote. Tofauti iliyobaki kati yao, kwa wastani, ni pesa na masharti yake.

Lakini kijiji kilichokosa kilikosa kweli. Bahati nasibu ni haki kuliko kuchagua kwa kujuana, hilo nalikubali, na fedha hazikuwepo za kuwapa wote kwa mara moja. Hata hivyo, mtu aliyeitwa kwenye mkutano wa hadhara, akatajwa mbele ya wenzake kwamba yeye ni fukara, kisha akasubiri, ana haki ya kuhesabiwa kama sehemu ya gharama ya utafiti. Kwenye majedwali yeye ni safu tu ya kulinganishia.

Turudi kwenye siku ya homa. Kipimo chenyewe ni kauli ya mtu. Mtu anakumbuka, au anadhani anakumbuka, au anasema kinachomaliza mahojiano upesi. Wanatakwimu watakujibu haraka, na wako sawa, kwamba kosa la namna hiyo halina shida ilimradi liwe sawa pande zote mbili. Kama wadodosaji wavivu kama mimi tuliandika tano huku na tano kule, tofauti kati ya makundi haiguswi. Shida inakuja pale kosa linapoegemea upande mmoja.

Na hapa lina kila sababu ya kuegemea. Fikiria wewe ni mama ambaye kwa miaka miwili na nusu umeambiwa kwamba pesa zako zinategemea kumtunza mtoto na kumpeleka kliniki. Anakuja kijana na fulana na kishikwambi, anakuuliza mtoto ameumwa siku ngapi. Hata akuapie kwamba jibu halitaathiri malipo yako, utamwamini? Una sababu nzuri ya kusema siku chache. Mama wa kijiji cha kulinganishia hana sababu hiyo. Yeye huenda ana sababu ya kusema nyingi, labda akionekana na shida msaada utafika. Ukijumlisha pande mbili, "siku moja" inaweza kuzaliwa bila mtoto hata mmoja kupona homa.

Lakini subiri, maana kuna nguvu inayovuta upande wa pili pia. Anayekwenda kliniki mara kwa mara hujifunza kuona ugonjwa. Kikohozi ambacho mwingine anakiita "mafua ya kawaida", yeye amefundishwa na nesi kukihesabu. Hiyo ingeongeza siku za kuumwa kwa wanaopokea, na kuficha faida ambayo ipo. Nguvu ipi ilishinda? Dodoso peke yake haliwezi kutuambia.

Kinachonifanya niegemee upande wa kuamini ni mambo mawili. La kwanza ni jinsi ziara za kliniki zilivyokwenda. Katika kipindi cha mwanzo walengwa waliongeza sana kwenda kliniki. Baadaye ongezeko lile likashuka. Waandishi wanalisoma hivi: watu walitibiwa, afya ikatengemaa, haja ya kwenda ikapungua. Ni maelezo yanayoingia akilini, ingawa msomaji mkorofi anaweza kusema walichoka foleni, au walibaini kwamba masharti hayasimamiwi kwa ukali. Zote ni hadithi zinazolingana na mchoro uleule.

La pili lina uzito zaidi kwangu, nalo ni viatu.

Walengwa walinunua nini? Ukisikiliza mjadala wa mitaani, maskini akipewa pesa anakunywa. Ripoti inaonyesha kwamba kaya zilizopokea ziliwekeza kwenye mifugo, kwenye bima ya afya, kwenye viatu vya watoto, na zile maskini zaidi ziliongeza akiba. Yaani watu ambao chakula chenyewe ni cha kubahatisha hawakuzimalizia pesa tumboni. Walizitumia kujikinga na kesho. Kuku na mbuzi ni benki inayotembea. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ni kinga dhidi ya ile siku moja mbaya inayomfanya mtu auze shamba.

Na viatu? Muulize yeyote aliyesoma baiolojia ya kidato cha pili. Minyoo ya safura haisubiri kuliwa. Kiluwiluwi chake kinaishi kwenye udongo wenye unyevu na kinapenya ngozi ya mguu mtupu. Kinakwenda mpaka kwenye utumbo, kinanyonya damu, mtoto anapungukiwa damu, anachoka, analala darasani, mwalimu anasema mzito. Kwa hiyo kiatu cha plastiki cha mnadani ni kifaa cha elimu na ni kifaa cha afya kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, kiatu ni vigumu kukisingizia. Mtoto amekaa pale mbele yako, unamwona miguu. Ninapoona kipimo cha maneno kama siku za homa na kipimo cha macho kama viatu vinaelekea upande mmoja, nalegea kidogo.

Hoja hii ya viatu ni yangu. Ripoti yenyewe haisemi kwamba viatu ndivyo vilivyopunguza homa, na wewe usiende kuninukuu hivyo kwenye semina.

Jingine kuhusu takwimu kabla hatujahama. Nimesema faida kubwa ya afya ilionekana kwenye nusu maskini zaidi. Ukifundishwa utafiti vizuri, kengele inapaswa kulia hapo: mtafiti anaweza kuwakata watu kwa umri, jinsia, wilaya, utajiri, mpaka apate kipande kinachong'aa. Ila ukataji huu hauna harufu ya uvuvi. Programu ilianzishwa kwa ajili ya maskini. Kuuliza kama maskini zaidi walifaidika zaidi ni swali ambalo mtu yeyote angeliuliza kabla ya kuona data. Kinachonisumbua zaidi ni namba 80. Kaya zilizohojiwa ni nyingi, na msomaji wa haraka ataona wingi huo ajisikie salama. Bahati nasibu, lakini, ilichezwa kwa vijiji. Watu wa kijiji kimoja wanachota maji bwawa moja, wanaumwa na mbu wa kidimbwi kimoja, wanakwenda zahanati moja. Kijiji kikipata mafuriko, nyumba zote zinapata homa pamoja. Kwa hiyo kipimo cha uhakika wetu kinakaribia vijiji 80 kuliko maelfu ya watu. Waandishi wanalijua hili na wamelizingatia katika hesabu zao. Wanaowanukuu ndio wanaosahau.

Sasa niseme lile ambalo kwangu ndilo pengo kubwa. Jaribio lilikuwa na makundi mawili: pesa yenye masharti, na hakuna kitu. Kundi la tatu, pesa bila masharti, halikuwepo. Maana yake ni kwamba baada ya kusoma ripoti nzima, hujui kama watoto walipata nafuu kwa sababu mama alilazimika kwenda kliniki au kwa sababu mama alikuwa na pesa. Kwa sera hili ni jambo zito. Masharti si bure. Kila sharti ni fomu, fomu inajazwa na mwalimu mwenye wanafunzi mia na nesi mwenye foleni hadi mlangoni, kisha inasafiri hadi wilayani, kisha mtu anaamua nani akatwe. Ukisema masharti yanafanya kazi, unatetea ajira na karatasi zote hizo. Je, ushahidi upo? Kwa ripoti hii, haupo.

Malawi walilijaribu swali hilo. Katika wilaya ya Zomba, watafiti Sarah Baird, Craig McIntosh na Berk Özler waliwagawa wasichana kwa nasibu: wengine familia zao zilipewa pesa kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine pesa bila sharti, wengine hawakupewa. Makala yao ya mwaka 2011 ina matokeo yanayokera pande zote mbili za ubishi. Kwa kubaki shuleni, wenye masharti walifanya vizuri zaidi, na hata kwenye mtihani wa kuelewa Kiingereza waliwazidi. Lakini kwenye ndoa na mimba za mapema, pesa bila masharti ndiyo iliyokinga zaidi, na kinga hiyo ilitoka hasa kwa wasichana walioacha shule.

Fikiri hapo kidogo. Msichana aliyeacha shule, chini ya masharti, anakatwa. Chini ya mpango usio na masharti, pesa inaendelea kuingia nyumbani, na nyumba haina haraka ya kumwoza. Kwa hiyo sharti linaongeza mahudhurio kwa anayeweza kulitimiza, na linamwachia mkono yule aliyeshindwa, ambaye huenda ndiye aliyekuwa na shida kubwa kuliko wote. Ukipima mahudhurio tu, sharti ni shujaa. Ukipima ndoa za utotoni, hadithi inageuka. Kipimo unachochagua mwanzoni kinaamua nani ataonekana mwishoni.

Na hili linanileta kwenye darasa la saba, ambalo nina nalo ugomvi wa kifamilia.

Ripoti inaonyesha kwamba programu iliongeza watoto waliowahi kuingia shule na waliomaliza darasa la saba. Ni mafanikio, na kwa wasichana wa vijijini ni mafanikio yenye uzito. Ila mimi nina binamu yangu, sitamtaja, ambaye alimaliza darasa la saba. Alihudhuria, shangazi alikuwa mkali, hakukosa siku. Miaka miwili baada ya kumaliza aliletewa barua ya wito wa kazi ya ulinzi, akanipigia simu nimsaidie "kwa sababu maandishi ni madogo". Nilimwomba anitumie picha ya barua. Maandishi yalikuwa ya kawaida kabisa. Katika takwimu yoyote ya kumaliza shule, binamu yangu ni mafanikio. Ana cheti.

Kwa hiyo swali linalofuata ni hili: pesa ikimfikisha mtoto mlangoni, ndani kuna nini? Tuna jibu zuri kutoka humuhumu nchini, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao, uliofanyika pamoja na Twaweza katika shule 350 za wilaya 10, kwa miaka ya 2013 na 2014. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, bali walimu wa madarasa ya mwanzo waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki 140 zilikuwa za kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikubadili chochote kwenye alama. Sifuri. Bonasi peke yake ilileta dalili fulani, lakini zenye utata: kwenye mtihani ambao bonasi iliutegemea zilionekana, kwenye mtihani wa pembeni wa watafiti hazikuonekana wazi. Vyote viwili pamoja vilileta matokeo makubwa kuliko kama ungejumlisha kimoja na kingine. Kitabu bila mwalimu mwenye hamu ni karatasi. Mwalimu mwenye hamu bila kitabu anachoka mapema. Namna hiyo ya vitu kuhitajiana haionekani ukitathmini kila programu kivyake, na sisi huku ndivyo tunavyotathmini: hapa mradi wa pesa za kaya, pale mradi wa vitabu, kule mradi wa chakula cha mchana, kila mmoja na ripoti yake na mfadhili wake. Mtoto ni yuleyule. Kwa nini tusiwe na jaribio ambalo kaya inapata pesa na shule iliyo karibu nayo inaboreshwa, pembeni ya kaya zinazopata pesa tu? Hiyo ndiyo tathmini ninayoisubiri. Ni ghali, na inahitaji ofisi mbili zilizozoea kutunza kila moja kabati lake zikubali kukaa meza moja.

Kuna suala la nani anatekeleza, na hapa lazima niipe ripoti ya TASAF sifa ambayo haipewi. Kenya walipata somo chungu. Huko magharibi, majaribio yaliyosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali yalionyesha kwamba kuongeza mwalimu wa mkataba kunainua alama. Serikali ikataka kuupanua mpango nchi nzima. Tessa Bold na wenzake wakapanga jaribio katika mikoa yote 8 ya wakati ule: sehemu moja mwalimu anaajiriwa kupitia shirika, sehemu nyingine kupitia serikali, mshahara na kazi ni zilezile. Kwa shirika, alama zilipanda. Kwa serikali, hazikupanda hata kidogo. Mishahara ilichelewa zaidi upande wa serikali, usimamizi ulikuwa mwepesi, na vyama vya walimu viliupinga mpango wenyewe. Dawa ileile, mnyweshaji tofauti, mgonjwa hakupona.

Jaribio la Bagamoyo, Kibaha na Chamwino liliepuka mtego huo tangu mwanzo, kwa sababu lilitekelezwa na taasisi ya serikali na kamati za vijiji, watu walewale ambao wangelibeba baadaye. Haikuwa bustani ya mfadhili yenye uzio. Hata hivyo vijiji 40 vinaweza kuangaliwa kwa jicho. Mratibu anajua wenyeviti kwa majina, akisikia fununu anapanda pikipiki. Kuanzia mwaka 2013 mpango wa kunusuru kaya maskini ulipanuliwa hadi kufikia zaidi ya kaya milioni moja. Kwa ukubwa huo pikipiki haifiki. Na mazingira nayo yamebadilika: mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, kwa hiyo kikwazo ambacho pesa zile zilikuwa zinakivuka 2011 si kile ambacho zinakutana nacho leo. Anayenukuu "siku moja kwa mwezi" katika hotuba ya leo ananukuu vijiji 40 vya zama nyingine. Programu ya sasa inaweza kuwa bora zaidi au dhaifu zaidi, na ni lazima ipimwe upya kwa ukali uleule.

Najua kuna atakayeniuliza: sasa unataka ziendelee au zisitishwe? Ziendelee. Siku moja kwa mwezi, hata ukiigawa kwa mbili kwa ajili ya uongo wa wadodosaji na adabu ya kina mama, ni siku sita kwa mwaka ambazo mtoto halali na homa na mama yake haachi kibarua kumbeba mgongoni. Ukitaka kufuta jambo la namna hiyo, lete ushahidi ulio bora kuliko huu nilioukosoa kwa kurasa nzima. Kijiweni haupo.

Kwa wenzangu mtakaoitwa msimu huu kwenda kudodosa, na najua wengi mnaosoma hapa mnasubiri simu hizo: lile dodoso langu lilikuwa na namba 98 kwa ajili ya mtu asiyejua. Ilikuwepo pale pale chini ya kisanduku cha siku za kuumwa. Kwa wiki sita, kaya zaidi ya mia, sikuibonyeza hata mara moja. Wala msimamizi wangu hakuwahi kuniuliza imekuwaje kijiji kizima kikawa na kumbukumbu nzuri namna ile.